Mkeka, Picha na Punje za Maharage: Namna ya Kuwashirikisha Watu Wenye Ulemavu wa Akili katika Majadiliano ya Vikundi

Makala ya mafunzo kwa Watendaji wa Vijiji na Kata, Maafisa Maendeleo ya Jamii, Wenyeviti wa Vitongoji na Kamati za Watu Wenye Ulemavu

Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kila mwaka, kabla ya bajeti mpya inayoanza Julai 1, vijiji vyetu hupitia kazi ya kuibua miradi kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, inayofahamika kwa kifupi chake cha O&OD. Wananchi hugawanywa katika vikundi vya wanawake, wanaume, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kila kikundi huchora ramani, hutaja kero na hupanga vipaumbele. Kinachosemwa humo huingia katika muhtasari, muhtasari huingia katika mpango wa kijiji, na mpango ndio unaoamua kisima kichimbwe wapi na zahanati ikarabatiwe lini.

Katika kikundi cha watu wenye ulemavu, sauti zinazosikika mara nyingi ni za wenye ulemavu wa viungo na wasioona, na za viziwi pale anapopatikana mkalimani. Mwenye ulemavu wa akili, akiwapo, huketi kando ya mama yake, na mama ndiye anayejibu. Mara nyingi zaidi hayupo kabisa. Ameachwa nyumbani kulinda mihogo iliyoanikwa. Kwa hiyo mpango unapitishwa kwa jina la wote huku maoni ya baadhi yao yakiwa hayajaulizwa. Makala hii inaeleza namna ya kuliondoa pengo hilo kwa zana zinazopatikana kijijini, bila kungoja fedha za ziada.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji aweze: kutofautisha ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili, kueleza msingi wa kisheria wa ushirikishwaji, kutambua sababu zinazofanya majadiliano ya kawaida yawatenge watu hawa, na kuendesha kikao kimoja cha kikundi kwa mbinu fikivu.

Ulemavu wa akili ni nini?

Ulemavu wa akili ni hali inayoanza utotoni, ambapo mtu hupata ugumu wa kujifunza, kufikiri mambo ya kufikirika na kumudu baadhi ya shughuli za kila siku. Hali hii si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na wengi hupata nafuu kwa matibabu. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kuwa na afya njema kabisa. Anachohitaji ni muda, maneno mepesi na msaada unaolingana na uwezo wake.

Sababu ni nyingi. Wengine huzaliwa na hali za kurithi au za kimaumbile kama Down syndrome. Wengine hukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au hupata malaria kali iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito nao huathiri ubongo wa mtoto, na ndiyo maana chumvi yenye madini joto husisitizwa hasa katika maeneo ya miinuko. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotokana na laana au kosa la ukoo.

Tafiti za kimataifa hukadiria kuwa takribani mtu 1 katika kila watu 100 ana ulemavu wa akili. Kwa makadirio hayo, kijiji chenye wakazi 3,000 kinaweza kuwa na watu wapatao 30 wa namna hii. Ikiwa orodha ya kijiji ina watatu tu, Mtendaji ana sababu ya kuuliza wengine wako wapi.

Maneno nayo yana uzito. Maneno kama taahira, zezeta na punguani hayafai katika muhtasari wala katika kinywa cha mtumishi wa umma. Tuseme na tuandike: mtu mwenye ulemavu wa akili.

Sheria inasemaje?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 12 inatambua kuwa watu wenye ulemavu ni sawa na wengine mbele ya sheria, na kwamba wapewe msaada wanaouhitaji ili watumie haki hiyo. Ibara ya 29 inahusu ushiriki wao katika maisha ya umma. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, ambayo ndiyo msingi wa kamati za watu wenye ulemavu tulizonazo.

Kwa upande wa serikali za mitaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaundwa na wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na unapaswa kuketi angalau mara moja kila miezi mitatu. Kijana wa miaka 25 mwenye ulemavu wa akili ni mjumbe wa mkutano huo kwa haki yake mwenyewe, na kuhudhuria kwake si hisani ya Mwenyekiti. Vilevile, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mtu asiyeulizwa anataka kufanya shughuli gani hawezi kunufaika na fungu hilo, hata kama jina lake limo katika orodha ya kikundi.

Utafiti shirikishi si mgeni nchini kwetu

Huenda msomaji akadhani kuwa mbinu hizi zimeletwa na wafadhili. Ukweli ni kwamba Tanzania ni miongoni mwa mahali ulipozaliwa utafiti shirikishi. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima walianza kuhoji desturi ya mtaalamu kwenda kijijini, kujaza dodoso na kuondoka. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyefanya kazi nchini kwa miaka mingi, aliongoza mradi wa Jipemoyo katika Wilaya ya Bagamoyo kuanzia mwaka 1975, ambapo wanavijiji walitafiti maisha yao wakiwa pamoja na wasomi.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takribani watu 2,000,000 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Wengi hawakujua kusoma. Hata hivyo hawakuambiwa wangoje hadi wajue. Kikundi kilipangwa ili mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, wajadili, kisha wote watoke kuchimba vyoo. Zana ilirekebishwa ili imfae mtu. Kanuni hiyohiyo ndiyo tunayoihitaji sasa.

Kwa nini majadiliano ya kawaida hushindwa?

Kwanza, swali refu la kufikirika. Kumuuliza mtu, “Ni vikwazo gani vinavyokwamisha upatikanaji wa huduma za jamii katika eneo lako?” ni kumfungia mlango. Swali hilo humtatiza hata mwenye cheti cha kidato cha nne.

Pili, jibu la “ndiyo”. Mwaka 1981 nchini Marekani, Carol Sigelman na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu wenye ulemavu wa akili, wanapokuwa na shaka, huelekea kukubali kila wanachoulizwa, hata maswali mawili yanayopingana. Si kwamba wanadanganya. Maisha yamewafundisha kuwa anayekubali hagombezwi. Kazi yao ilionyesha pia kuwa maswali ya kuchagua kati ya vitu viwili, yakiambatana na picha, hutoa majibu ya kuaminika zaidi, ingawa wapo wanaovutwa kuchagua kilichotajwa mwisho.

Tatu, msemaji mbadala. Mzazi anamfahamu mwanawe, lakini kero ya mzazi na kero ya mwana si kitu kimoja. Mama aweza kusema anahitaji magodoro. Binti aweza kuwa anahitaji taa njiani.

Nne, lugha. Katika vijiji vya Kibondo na Kasulu, wengi wa watu hawa hawakukaa shuleni muda wa kutosha kukijua Kiswahili cha mikutano. Lugha yao ni Kiha cha nyumbani. Kuendesha kikao kwa Kiswahili cha ofisini ni kuwaongezea kikwazo cha pili juu ya cha kwanza. Wanaofanya kazi na wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta wakumbuke jambo hilohilo kwa wasemaji wa Kirundi na wa Kiswahili cha Kongo.

Tano, majira. Maandalizi ya mipango huangukia kipindi cha mvua, ambacho katika nyanda zetu huanza Oktoba, wakati kaya zote ziko mashambani. Asiyeweza kwenda mkutanoni peke yake hataletwa ikiwa wa kumleta yuko kwenye jembe.

Hatua sita za kikao fikivu

Hatua ya 1: Maandalizi ya nyumbani. Siku chache kabla ya kikao, Afisa Maendeleo ya Jamii au mjumbe wa kamati amtembelee kila mshiriki. Aanze kwa salamu ya Kiha na amsalimie yeye mwenyewe kabla ya kumgeukia mzazi. Aulize: anazungumzaje, kwa maneno au kwa ishara? Anatumia dawa za kifafa? Kitu gani humtisha? Mtu mzima wa miaka 35 aitwe dada, kaka, mama au ndugu kama wenzake wa rika lake, wala asiitwe mtoto.

Hatua ya 2: Ridhaa. Ridhaa ya mlezi pekee haitoshi. Mshiriki aelezwe kwa sentensi fupi na picha: tutakaa pamoja, tutazungumza kuhusu maji, tutakunywa chai, utarudi nyumbani, ukichoka unaondoka. Kisha aombwe aeleze kwa maneno yake: “Haya kaka, kesho tutafanya nini?” Asipoweza kueleza, arudiwe kwa njia nyingine. Kila mmoja apewe kadi nyekundu ya kuinua anapotaka kusimamisha. Anayegeuza uso, anayevuta nguo ya mlezi au anayeinuka naye amejibu, tumheshimu.

Hatua ya 3: Kikundi kidogo. Washiriki 4 hadi 6 wanatosha, pamoja na mwezeshaji, msaidizi na mwandishi. Walezi wawepo karibu, chini ya mti mwingine, wanakoonekana lakini wasikosikika. Kikao kisizidi dakika 45 bila mapumziko. Siku ya gulio iepukwe.

Hatua ya 4: Anza na kinachoonekana. Ramani ya kijiji ichorwe ardhini kwa majivu na vijiti, kisha vitu halisi viwekwe: kikombe kwa kisima, kitabu kwa shule, kasha tupu la dawa kwa zahanati. Matembezi yafuate. Pitieni pamoja njia ambayo mshiriki huipita kila siku, naye aongoze. Anaposimama, anapoharakisha au anapozunguka mbali, mwezeshaji aulize hapo hapo, “Hapa pana nini?” Mtu asiyeweza kusimulia njia akiwa amekaa anaweza kuionyesha akiwa anatembea.

Hatua ya 5: Mkeka wa maoni. Katika miaka ya 1990 Joan Murphy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, walibuni mbinu iitwayo Talking Mats, inayomwezesha mtu mwenye ugumu wa kuzungumza kutoa maoni kwa kupanga picha juu ya mkeka. Sisi mikeka tunayo. Tandika mmoja, ugawe kwa kamba mbili upate sehemu tatu: upande mmoja uso unaocheka, katikati uso usio na jambo, upande mwingine uso ulionuna. Mpe mshiriki picha moja baada ya nyingine: kisima, zahanati, soko, barabara ya usiku. Aweke anapotaka. Usimsaidie kwa macho wala kwa kidole.

Hatua ya 6: Zamu na kura. Mwaka 1971 wataalamu wawili wa Marekani, André Delbecq na Andrew Van de Ven, walieleza utaratibu wa kikundi wenye ngazi nne: kila mtu afikirie peke yake, kila mtu atoe wazo kwa zamu, mawazo yafafanuliwe, kisha kura ipigwe. Baadaye Irene Tuffrey-Wijne na wenzake jijini London waliurekebisha utaratibu huo na kuutumia kuuliza watu wenye ulemavu wa akili juu ya jambo zito kuliko yote, yaani matunzo ya mtu anayekaribia kufa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kuwa watu hao wana maoni na wanaweza kuyapanga kwa umuhimu. Kwa mazingira yetu, mahali pa kuandika paingie picha, na mahali pa karatasi ya kura ziingie punje za maharage. Zamu ilindwe: anayeshika kibuyu ndiye anayesema, na kimya cha nusu dakika si kosa.

Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijiji kinajadili mahali pa kujenga kituo kipya cha kuchotea maji, na wataalamu wa RUWASA wamesema maeneo matatu yanafaa: bondeni, karibu na shule, au njia panda ya soko. Katika kaya nyingi mwenye ulemavu wa akili ndiye anayetumwa maji, hivyo yeye ni mtumiaji mkuu wa huduma hii kuliko Mwenyekiti.

Washiriki 6 wametembelea maeneo yote matatu. Vikombe vitatu vimewekwa, kila kimoja na picha ya eneo lake. Kila mshiriki anapewa punje 3 na anapiga kura nyuma ya pazia la khanga, mmoja mmoja. Tuseme matokeo ni haya: shule punje 9, njia panda 6, bondeni 3. Jumla ni 18, sawa na punje zilizotolewa.

Je, tuandike matokeo na kuondoka? Hapana. Huenda kikombe cha shule kilikuwa cha mwisho, na wapo wanaochagua cha mwisho. Baada ya chai, vikombe vibadilishwe mpangilio na kura irudiwe. Ikitoka shule 8, njia panda 7, bondeni 3, tuna sababu ya kuamini kuwa bondeni hawapataki. Kati ya shule na njia panda tofauti ni ndogo mno, na muhtasari useme hivyo. Kama kura ya pili imepinduka kabisa, kosa liko katika zana yetu. Turudi kwenye matembezi.

Kisha liulizwe swali lenye thamani kuliko hesabu: “Dada, bondeni kuna nini?” Huenda jibu likawa utelezi. Huenda likawa, “Kuna wavulana wananipiga.” Kikundi cha watu 6 hakitoi takwimu za wilaya. Kinatoa sababu, na sababu moja ya namna hiyo inaweza kubadili mahali pa kujenga kituo cha maji.

Pale jambo zito linapojitokeza

Kikao kikiuliza kwa kweli, kitasikia mambo mazito. Mshiriki akieleza kupigwa, kubakwa au kunyimwa chakula, mwezeshaji asimhoji mbele ya wenzake wala asimwahidi siri asiyoweza kuitunza. Ampeleke pembeni, amsikilize, amweleze kwa maneno mepesi nani ataambiwa, kisha taarifa ifike siku hiyohiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Pale ambapo mtuhumiwa ni mlezi, mshiriki asirudishwe kwake kabla ya Afisa Ustawi wa Jamii kushauri. Kamati isiyo na utaratibu huu isianze kikao.

Majina ya washiriki yasiandikwe katika muhtasari unaobandikwa ubaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, na picha za washiriki zisisambazwe katika makundi ya simu bila ridhaa yao. Tofauti na vikao vya mipango, utafiti wa kitaalamu unaofanywa na wanafunzi au taasisi unahitaji kibali cha COSTECH, na ule wa afya unahitaji idhini ya kimaadili ya NIMR au chombo kinachotambuliwa. Mtendaji ana haki ya kuomba kuviona vibali hivyo.

Kurejesha majibu

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni ya kurudi. Mpango ukishapitishwa, washiriki walewale waitwe tena. Waonyeshwe picha walizopanga na waambiwe: hili mlilolisema limeingia, hili halikuingia, na sababu ni hii. Kikao hicho cha nusu saa ndicho kitakachoamua kama mwakani watakuja. Katika muhtasari, maoni ya kikundi hiki yaandikwe katika aya yao, yasichanganywe na ya watu wenye ulemavu kwa ujumla, kwa kuwa yakichanganywa hupotea.

Mapungufu ya mbinu hii tuyakubali. Inachukua muda: kikao kimoja cha dakika 45 kinahitaji karibu siku mbili za maandalizi. Wapo watu wenye ulemavu mkubwa sana ambao hawatashika picha wala punje. Kwao tutajifunza kwa kuwatazama wanapofurahi na wanapokataa, na kwa kuwasikiliza wanaowafahamu, tukiandika wazi kuwa maneno ni ya mlezi. Gharama, hata hivyo, ni ndogo: mkeka, khanga, vikombe vitatu, kisado cha maharage, chai, na nauli kwa wanaotoka vitongoji vya mbali.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika kijiji chenu, ni watu wazima wangapi wenye ulemavu wa akili waliohudhuria Mkutano Mkuu uliopita? Nani alisema kwa niaba ya wasiohudhuria?

2. Chukueni swali moja la O&OD mlilotumia mwaka jana. Ligeuzeni kuwa swali la kuchagua kati ya picha mbili, kwa Kiha.

3. Katika mfano wa kituo cha maji, mngefanya nini kama walezi wote wangetaka bondeni na washiriki wote wangepakataa?

4. Nani katika kata yenu atapokea taarifa ya ukatili siku ileile ya kikao? Andikeni jina na namba ya simu yake kabla ya kupanga tarehe.

Kamati itakayotaka kufanya majaribio ya kikao cha kwanza kabla ya msimu wa mipango iwasiliane na Idara ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri yake kupitia Mtendaji wa Kata.